Bandari ya Bukoba: Uyaone Haya Kabla Hujaondoka

Mji huu ulianza 1890, Emin Pasha alipojenga hapa kituo cha Wajerumani. Juni 1915, Waingereza walivuka ziwa kutoka Kisumu wakauteka kwa muda mfupi.

Kisiwa cha Musira kipo mbele yako, kwenye maji ya Ziwa Victoria. Boti hukodishwa ufukweni. Patana nauli kabla ya kupanda.

Kanisa Kuu la Bukoba lina kaburi la Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza wa zama zetu kuwa kardinali (1960). Uaskofu aliuanzia Rutabo, Muleba.

Katuruka, upande wa Maruku, kuna mabaki ya tanuri ambamo wahunzi waliyeyusha chuma miaka ipatayo 2,000 iliyopita.

Bumbire, wilayani Muleba, ni kisiwa cha wavuvi. Mpelelezi Stanley alipigana na wenyeji wake 1875.

Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba iliyotoka hapa ilizama karibu na Mwanza ikiwa na mamia ya abiria. Tunawakumbuka marehemu wote.

Ukifika Novemba au Desemba, onja senene, panzi wanaoliwa. Tafadhali usitupe taka ziwani. Maji haya ndiyo riziki yetu.