Kutangaza tamasha na vivutio vya utalii: Kazi huanzia kwenye kalenda, si kwenye bango

WAHENGA walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo imewaponza waandalizi wengi wa matamasha, wasimamizi wa makavazi na wenye kumbi za sanaa nchini. Kizuri hujiuza kwa aliyekwisha kukiona. Familia iliyo Eldoret ambayo haijawahi kuvuka bahari kuingia Lamu haina cha kuivuta ila habari itakayoifikia, tena iifikie mapema.

Kampeni ya utangazaji si tangazo. Tangazo ni hatua mojawapo, na kwa kawaida huja mwishoni. Kabla ya kulipia bango au dakika moja redioni, mwandalizi sharti awe na majibu ya maswali machache: tunamtaka mgeni yupi, atakuja lini, atafikaje, atalala wapi, atatumia kiasi gani cha fedha, na akirudi kwao atasimulia nini.

Mji wa Lamu unatoa mfano mzuri. Mnamo 2001, shirika la UNESCO liliuorodhesha Mji wake wa Kale miongoni mwa turathi za dunia. Ni katika miaka iyo hiyo ambapo Tamasha la Utamaduni la Lamu lilianza kujipatia jina kwa mashindano ya mashua, mbio za punda, kuogelea na mchezo wa bao. Kando ya tamasha hilo yako Maulidi, ambayo ni makongwe zaidi na yanafungamana na Msikiti wa Riyadha na jina la Habib Swaleh. Shughuli zote mbili hufanyika katika vichochoro vivyo hivyo, lakini haziwezi kutangazwa kwa kampeni moja.

Tofauti ya kwanza ni tarehe. Maulidi hufuata mwezi mwandamo, hivyo kila mwaka husogea nyuma kwa takriban siku 11. Mwaka 2023 mwezi wa Mfungo Sita uliangukia Septemba na Oktoba. Mwaka 2026 ni Agosti na Septemba. Kufikia 2035 utakuwa umerudi hadi Mei, wakati wa masika, ambapo kusi huvuma na baadhi ya hoteli za Pwani hufunga milango kwa ukosefu wa wageni. Mpangaji mwenye busara huliona jambo hilo kuwa fursa, kwa maana shughuli inayojaza vitanda katika msimu mkavu wa biashara ina faida kuliko ile inayogombania vitanda vya Desemba.

Tamasha la Utamaduni, ambalo kwa desturi limekuwa likifanyika Novemba, halifungwi na mwezi. Tarehe yake huteuliwa na binadamu, kwa hiyo hakuna udhuru wa kuitangaza kwa kuchelewa. Mawakala wa safari wa Ulaya huandaa orodha za safari zao miezi mingi kabla. Tarehe ikitolewa wiki sita kabla ya shughuli, mgeni waliyekusudia kumleta amekwisha kulipia Zanzibar. Kwa maoni yangu, tarehe inayojulikana mwaka mmoja kabla ni bora kuliko mabango kumi yaliyotundikwa barabarani juma la mwisho.

Tofauti ya pili ni mgeni mwenyewe. Anayekuja Maulidini kutoka Mombasa, Zanzibar au Ngazija huitwa na sheikh wake, madrasa yake au jamaa yake, na mara nyingi hulala nyumbani mwa wenyeji. Huyo hahitaji picha ya kuvutia. Anahitaji kujua siku, nauli na chombo cha kumvusha. Familia ya Nairobi nayo hutazama likizo ya shule na tarehe ya mshahara, na hupatikana redioni na katika mitandao ya kijamii.

Hapa pana jambo linalohitaji tahadhari. Maulidi ni ibada. Zefe na matari huvutia macho, lakini kuyauza kama maonyesho ya jukwaani, au kubandika kwenye vipeperushi picha za akina mama waliopigwa bila idhini, ni kumkosea mwenyeji ambaye bila yeye hakuna cha kutangazwa. Wazee wa mji washauriwe kabla ya picha kuchaguliwa, si baada ya malalamiko.

Kumbi za sanaa hazitofautiani sana. Makundi yanayoigiza vitabu vya fasihi vinavyotahiniwa katika shule za upili yamelielewa hili kuliko wengi. Yanajua hadhira yao ni watahiniwa, mnunuzi wa tiketi ni shule, na msimu ni kabla ya mitihani. Barua kwa mwalimu mkuu mwanzoni mwa muhula huwatosha. Bango la barabarani lingekuwa hasara tupu.

Aidha, kampeni isiahidi kisichoweza kutimizwa. Mgeni anayeshuka katika uwanja wa ndege wa Manda bado ana bahari ya kuvuka, na vitanda vya mji si vya kuongezwa kwa usiku mmoja. Usalama pia hubadilisha mambo ghafla. Baada ya utekaji nyara wa 2011 na mashambulizi ya Mpeketoni Juni 2014, Lamu ilipoteza wageni wengi, na Julai mwaka huo serikali ikapiga marufuku kutoka nje usiku. Katika hali kama hiyo, tangazo linaloahidi muziki hadi alfajiri hugeuka uongo. Ndiyo maana kila mpango unahitaji msemaji mmoja anayejulikana, na ujumbe wa kweli ulio tayari.

Nayo bodi ya kitaifa ya utalii, kwa kaulimbiu yake ya Magical Kenya, huinadi nchi nzima. Utalii wa mashinani, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, ni jukumu la kaunti, na kaunti inayongoja Nairobi iitangazie shughuli zake itangoja sana.

Bajeti nzima isiishie kwenye matangazo. Sehemu itengwe kwa vijana wawili watatu wenye kalamu na daftari, wasimame gatini wageni wanapoondoka na kuwauliza maswali matatu: ulisikia wapi kutuhusu, umelala siku ngapi, na ni kipi kilichokuudhi. Na kabla jahazi la mwisho halijang'oa nanga, tarehe ya mwaka ujao iwe imekwisha kutangazwa.