Hatari kwa ndama wa nyangumi

Ndama wa nyangumi ni mtoto wa nyangumi tangu anapozaliwa hadi anapoacha kunyonya na kuweza kujitafutia chakula. Kama watoto wa mamalia wengine, hupumua hewa kwa mapafu na hutegemea maziwa ya mama yake. Katika kipindi hiki, hasa mwaka wa kwanza, hukabiliwa na hatari nyingi: kuwindwa na wanyama wengine wa bahari, kutengana na mama yake, kunaswa na nyavu, kugongwa na vyombo na kusumbuliwa na kelele za binadamu.

Katika pwani ya Afrika Mashariki ndama wanaoonekana zaidi ni wa nyangumi wa nundu (Megaptera novaeangliae). Spishi hii huja kila mwaka kuzaa katika maji ya Tanzania, Kenya, Msumbiji, Komori na Madagaska. Ugumu wa kuwalinda ndama hao ni kwamba maji ya kina kifupi, ambamo mama humkinga mtoto wake dhidi ya adui wa asili, ndiyo hayo hayo ambamo watu hutega nyavu na kupitisha vyombo vyao.

Kuzaliwa na kukua

Nyangumi wa nundu wa nusu ya kusini ya dunia hula wakati wa kiangazi cha huko, katika bahari baridi inayozunguka bara la Antaktiki. Chakula chao kikuu ni krili, wanyama wadogo wanaofanana na uduvi. Majira ya baridi yanapokaribia husafiri kuelekea kaskazini, safari ya zaidi ya kilomita 5,000, hadi kwenye maji ya joto. Katika Tanzania na Kenya huonekana kuanzia Julai hadi Novemba hivi. Kwa maneno mengine, huwasili wakati upepo wa kusi unavuma na huondoka kabla kaskazi haijashika. Huonekana mbele ya Mtwara, Mafia, kusini mwa Unguja karibu na Kizimkazi, katika mkondo wa Pemba, na upande wa Kenya huko Watamu na Malindi.

Mimba huchukua miezi 11 hadi 12, na kwa kawaida jike huzaa ndama mmoja. Ndama huzaliwa akiwa na urefu wa mita 4 hadi 4.5 na uzito wa kilogramu 700 hadi tani 1. Kwa kulinganisha, ndama wa tembo, kama wale wa Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi wilayani Same, huzaliwa na kilogramu 100 hivi. Pamoja na ukubwa huo, ndama wa nyangumi ni dhaifu. Tabaka la mafuta chini ya ngozi yake bado ni jembamba, na hawezi kubana pumzi kwa muda mrefu kama mama yake. Hulazimika kupanda juu ya maji kila baada ya dakika chache ili apumue.

Katika maji ya joto mama hapati krili, hivyo kwa miezi kadhaa hali chakula au hula kidogo sana. Maziwa yake hutengenezwa kutokana na mafuta aliyojiwekea mwilini akiwa Antaktiki. Maziwa hayo ni mazito, na kiasi cha mafuta ndani yake huweza kufikia asilimia 40. Kwa hiyo mama na ndama huishi kwa akiba ambayo haiongezwi mpaka warudi kusini. Kila wanapolazimika kukimbia au kukosa mapumziko, akiba hiyo hupungua. Jambo hili hueleza kwa nini hata usumbufu usiomjeruhi ndama unaweza kumdhuru.

Ndama hunyonya kwa miezi 6 hadi 12. Akiwa bado na miezi michache tu huanza safari ndefu ya kurudi Antaktiki pamoja na mama yake. Watafiti waliofuatilia nyangumi wa nundu katika Pasifiki ya Kaskazini walikadiria kwamba karibu ndama mmoja kati ya watano hufa kabla ya kutimiza mwaka. Kwa kuwa jike huzaa mara moja katika miaka 2 au 3, kifo cha ndama mmoja huchukua muda mrefu kufidiwa.

Hatari za asili

Wanyama wawindaji

Adui mkubwa wa asili ni nyangumi-muuaji (Orcinus orca), ambaye kwa uainishaji ni wa familia ya pomboo. Huwinda kwa makundi. Hujaribu kumtenga ndama na mama yake, kisha humkandamiza chini ya maji ili asipate kupumua. Mama humweka ndama ubavuni au juu ya mgongo wake na kuwapiga washambuliaji kwa mkia na mapezi. Mashambulizi ya namna hii yamerekodiwa mara nyingi huko Ningaloo, Australia Magharibi. Nyangumi wa nundu wengi waliokomaa wana makovu ya meno mkiani, na inadhaniwa kwamba mengi waliyapata wakiwa ndama. Katika bahari ya Afrika Mashariki nyangumi-muuaji huonekana, lakini kwa nadra.

Papa wakubwa nao humvamia ndama, hasa aliye mgonjwa, aliyechoka au aliyeachwa peke yake. Nchini Afrika Kusini papa weupe wamerekodiwa wakimshambulia nyangumi wa nundu mchanga aliyekuwa amedhoofika.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kutoka ghuba ya Exmouth, Australia, ulionesha njia mojawapo ya kujikinga. Watafiti waliwabandika mama na ndama vifaa vya kunasa sauti, wakagundua kwamba wawili hao huitana kwa sauti ya chini sana, tofauti na nyimbo za madume zinazosikika kwa kilomita nyingi. Ilielezwa kwamba kwa njia hiyo huenda wanaepuka kusikiwa na nyangumi-muuaji. Mnong'ono huo, hata hivyo, unafunikwa kwa urahisi na kelele za injini.

Madume

Msimu wa kuzaa ndio pia msimu wa kupandana. Madume hufuatana na majike, wakiwemo wenye ndama, na wakati mwingine hugombana wenyewe kwa wenyewe. Katika purukushani hiyo ndama anaweza kuumia, kuchoka au kupotezana na mama yake. Ndiyo sababu majike wenye ndama hupendelea kukaa karibu na nchi kavu, penye kina kifupi na maji tulivu.

Kutengana na kukwama ufukoni

Ndama asiyeacha kunyonya hawezi kuishi bila mama yake, na nyangumi wa nundu mwingine kwa kawaida hamchukui yatima. Ndama aliyepotea hudhoofika na anaweza kusukumwa na mawimbi hadi ufukoni. Akikwama kwenye mchanga, mwili wake hupata joto kupita kiasi na uzito wake mwenyewe hubana mapafu. Wataalamu hushauri watu wasimvute kwa mkia wala kumwagia maji katika tundu la pua lililo juu ya kichwa. Ngozi yake iloweshwe, watu wasogee mbali, na maofisa wa uvuvi au wa hifadhi ya bahari waitwe mapema.

Hatari zinazosababishwa na binadamu

Uwindaji wa zamani

Katika karne ya 20 nyangumi wa nundu zaidi ya 200,000 waliuawa katika nusu ya kusini ya dunia. Kituo cha karibu kilichodumu muda mrefu kilikuwa Durban, Afrika Kusini, kilichofanya kazi kuanzia 1908 hadi 1975. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1931 ulikataza kuua ndama pamoja na majike wanaofuatana na ndama, na mwaka 1963 uwindaji wa nyangumi wa nundu wa kusini ulipigwa marufuku kabisa. Hata hivyo meli za Umoja wa Kisovyeti ziliendelea kuwinda kwa siri hadi miaka ya 1970, bila kuwabagua majike wanaonyonyesha wala ndama. Baada ya uwindaji kukoma, idadi ya nyangumi hao imeongezeka tena.

Nyavu

Leo hatari inayotajwa zaidi ni kunaswa. Katika pwani ya Tanzania na Kenya wavuvi wadogo hutumia nyavu za kutega, zikiwemo jarife, ambazo huachwa majini usiku kucha ili kunasa papa, taa na samaki wakubwa. Nyangumi mzima anaweza kuukata wavu na kuondoka nao. Ndama hana nguvu hizo. Akishindwa kufika juu ya maji huzama. Akiponyoka na kipande cha wavu, kamba humkata kadiri mwili unavyokua. Mvuvi naye hupata hasara, kwani wavu ulioraruliwa na nyangumi ni mtaji uliopotea na haulipwi na mtu.

Habari nyingi kuhusu nyavu na mamalia wa bahari katika eneo hili zinatokana na utafiti wa pomboo. Huko Zanzibar watafiti, wakiwemo wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, wamechunguza pomboo wanaokufa katika nyavu za kutega na kujaribu vifaa vidogo vya sauti vinavyofungwa kwenye wavu ili kuwaonya wanyama hao.

Baruti

Uvuvi wa baruti, ambao ni haramu, uliathiri pwani ya Tanzania kwa miaka mingi. Mwaka 2015 chombo cha utafiti kilipita kando ya pwani yote ya nchi kikivuta kinasa sauti chini ya maji, kikarekodi milipuko zaidi ya 300, sehemu kubwa ikiwa katika eneo la Dar es Salaam. Miaka iliyofuata Serikali iliendesha operesheni kali na milipuko ikapungua sana. Mlipuko wa karibu unaweza kuharibu masikio na mapafu ya nyangumi. Wa mbali huweza kumfanya mama akimbie na kumwacha ndama nyuma.

Meli na kelele

Ndama na mama yake hutumia muda mwingi wakipumzika karibu na uso wa maji, hivyo huweza kugongwa na meli au boti ziendazo kasi. Njia za meli za Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Mtwara hukatiza maeneo wanayopita. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, limepangwa kuishia Chongoleani, Tanga, ambako mafuta yatapakiwa kwenye meli kubwa. Aidha, utafutaji wa gesi katika kina kirefu mbele ya Lindi na Mtwara hutumia milio mikubwa ya hewa iliyobanwa, inayosafiri mbali majini.

Utalii

Kutazama nyangumi huleta kipato kwa vijiji vya pwani na huwapa watu sababu ya kuwalinda. Wavuvi wa Kizimkazi, waliokuwa wakivua pomboo kwa ajili ya chambo cha papa, waliacha desturi hiyo baada ya utalii wa pomboo kuanza katika miaka ya 1990. Lakini utalii usio na utaratibu hudhuru: utafiti uliofanyika huko huko ulionesha kwamba pomboo majike wenye watoto hupunguza mapumziko na kuogelea kwa kasi zaidi boti zinapowazunguka. Nchi nyingi huzitaka boti zibaki umbali wa mita 100 au zaidi kutoka kwa nyangumi, na huongeza umbali huo panapokuwa na ndama.

Mabadiliko ya tabianchi

Krili wachanga hutegemea barafu ya bahari ya Antaktiki kwa chakula na maficho. Barafu ikipungua, krili hupungua, na jike huanza safari akiwa na mafuta machache. Kwa njia hiyo joto la bahari ya mbali linaweza kupunguza maziwa ya ndama anayezaliwa karibu na Mafia au Watamu.

Nyangumi wa Oman

Katika Bahari ya Kiarabu, hasa pwani ya Oman, kuna nyangumi wa nundu wasiohamia Antaktiki. Hula na kuzaa huko huko mwaka mzima. Wanakadiriwa kuwa chini ya 100, na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili limewaweka katika kundi la walio hatarini kutoweka, wakati spishi nzima haimo katika kundi hilo. Kwao kupotea kwa ndama wachache tu, kwa nyavu au kwa meli, ni hasara kubwa.

Ulinzi

Tume ya Kimataifa ya Kuvua Nyangumi ilitangaza Bahari ya Hindi kuwa hifadhi ya nyangumi mwaka 1979, na mwaka 1982 iliamua kusimamisha uwindaji wa kibiashara, uamuzi ulioanza kutekelezwa 1986. Kenya na Tanzania ni wanachama wa tume hiyo. Nchini Tanzania, Sheria ya Hifadhi za Bahari ya mwaka 1994 iliwezesha kuanzishwa kwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia (1995) na ile ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma (2000). Zanzibar ina Eneo la Hifadhi la Ghuba ya Menai (1997).

Hifadhi hizi hulinda sehemu tu ya njia ya nyangumi. Nje ya mipaka yake usalama wa ndama hutegemea hasa wavuvi na manahodha, ambao ndio wa kwanza kuwaona na mara nyingi ndio pekee walio karibu.

Tazama pia

Nyangumi
Pomboo
Nguva
Papa
Bahari ya Hindi
Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia