Ukuni Si Mti: Kakamega na Hesabu Iliyokosewa

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa nishati walioichunguza wilaya ya Kakamega, magharibi mwa Kenya, walikuta jambo ambalo hesabu zao hazikulitarajia. Wilaya hiyo ilikuwa miongoni mwa sehemu za mashambani zenye watu wengi sana Afrika Mashariki. Msitu wa asili ulikuwa umebaki upande mmoja tu, na kwa makadirio ya wakati ule kuni zilipaswa kuwa zimekaribia kwisha. Na kweli wanawake walilalamika. Walikwenda mbali, walinunua, walipikia mabua na magunzi ya mahindi. Lakini picha zilizopigwa kutoka angani zilionyesha mashamba yaliyosheheni miti: mistari ya mikaratusi, nyua za vichaka, milusiola mipakani, mipera nyuma ya nyumba. Tena palipobanana watu ndipo miti ya kupandwa ilipozidi. Uhaba wa kuni ulikuwa umekaa katikati ya miti.

Kitendawili hicho kilikuwa kitendawili kwa mtu aliyedhani kuni ni miti tu. Kiswahili hakijawahi kuvichanganya vitu hivyo viwili. Mti husimama; ukuni hutengenezwa. Kati ya huo na huu kuna kazi zenye majina yake: kusenya, kukata, kuchanja, kuanika, kufunga tita, kujitwisha. Msamiati wa ofisini ulipokuja na neno kama tungamotaka, kazi zote hizo zilimezwa, pakabaki uzito tu, tani kwa mwaka. Hoja yangu ni kwamba historia ya kuni katika nchi zetu ilipotoka hapo hasa. Wapangaji wa nishati walihesabu mbao zinazoota na mbao zinazoungua, wakaacha kuuliza mbao ipi, ya nani, imechanjwa na nani, na imekauka kiasi gani. Maswali hayo ndiyo yanayoamua kama jioni kutakuwa na moto jikoni au moshi mtupu.

Tuanze na kukauka, maana hapo mambo hupimika. Mti uliokatwa leo una maji yanayokaribia nusu ya uzito wake, pungufu kidogo kwa baadhi ya miti migumu. Ukichanjwa na kuwekwa mahali penye upepo, pasiponyeshewa na mvua, maji hayo hushuka hadi kufikia asilimia 15 au 20. Kilo moja ya mbao iliyokauka kabisa hubeba megajuli 18 hadi 20 za joto. Kilo ya mbao mbichi hutoa takriban 8, na ya mbao iliyokaushwa hewani hutoa 14 au 15. Tarakimu hizi hunukuliwa mara nyingi kana kwamba ukuni mbichi hupoteza nusu ya joto lake kwa kuchemsha maji yake wenyewe. Si hivyo. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo hutokana na ukweli kwamba katika kilo ya ukuni mbichi mbao yenyewe ni nusu kilo tu. Ukilinganisha mbao kwa mbao, joto linaloliwa na mvuke ni kama sehemu moja ya nane. Hasara kubwa iko kwingine: moto hupoa, gesi zinazotoka ndani ya mbao hazishiki, zinapanda kama moshi mzito, na mpishi anaendelea kuchochea na kupuliza huku chungu hakijatokota. Halafu iko hasara ya kichwani, kwa maana halisi ya neno hilo. Mwanamke aliyejitwisha tita la kilo 30 za kuni mbichi amebeba kilo 15 hivi za maji ambayo hakuna atakayeyanywa. Kuzianika kuni huko huko zilikokatwa na kuzirudia baada ya wiki kadhaa ni akili ya uchukuzi kuliko hata ya upishi.

Unene nao una lake. Kijiti cha unene wa kidole gumba hukauka kwa wiki chache; gogo lenye gome lake, ambalo halijapasuliwa, huweza kukaa miezi na moyo wake ukabaki na majimaji, kwa kuwa gome huziba na maji hutoka kwa urahisi zaidi kwenye ncha na kwenye nyuso zilizochanjwa. Kwa hiyo shoka ni chombo cha kukaushia sawa na jua. Mkaratusi unalionyesha jambo hili vizuri. Ukichanjwa ungali mbichi hupasuka. Ukiachwa ukauke ukiwa gogo, nyuzi zake zilizosokotana humkatalia hata mwanamume mwenye nguvu. Mtu asiyekuwa na shoka, au asiyeruhusiwa kulishika, hana mkaratusi hata kama anao hamsini. Na si kila kikavu kinafaa kila chungu. Vijiti hushika upesi, vikafaa ugali na chai. Makande na maharage hutaka kigogo cha mti mgumu, kama mgunga, chenye kaa linalokaa. Mnyaa, uliojaa kwenye nyua, una utomvu unaowasha macho, na hakuna mpishi anayeuchagua akiwa na kingine. Katika tani za mtakwimu vyote hivi ni kitu kimoja.

Wasomaji wengine watasema serikali za kikoloni hazikuwa na jinsi ya kuyajua mambo ya mafiga. Sikubali, kwa sababu zilipochoma kuni zenyewe zilizijua barabara. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani Kisumu mwaka 1901, kwa miongo ya mwanzo iliendeshwa bara kwa kuni kwa sehemu kubwa, kwani makaa ya mawe yaliletwa kwa meli na gharama yake iliongezeka kwa kila maili kutoka pwani. Kuni zilipangwa mirundo kando ya njia. Mikaratusi ilianza kuletwa Kenya mnamo 1902, ikiwa ni kwa ajili ya kuzilisha injini hizo, na miwati ikafuata muda huo huo, gome lake likiuzwa kwa ajili ya kusindika ngozi na mbao zake zikiwa kuni. Hapo ukuni ulikuwa bidhaa yenye aina, vipimo, ghala na mlipaji. Baada ya Vita Kuu ya Pili mafuta mazito yalichukua nafasi ya kuni kwenye injini, na maarifa hayo ya kiserikali yakafifia. Mikaratusi ilibaki, ikageuka kuwa nguzo, mapau na fedha. Ukuni uliposhuka kutoka kwenye tanuru la injini hadi chini ya chungu, ulikoma kuwa bidhaa ya kitaalamu machoni pa ofisi, ukawa kitu cha kuokota.

Kwa hiyo miaka ya 1970 ilipofika, ofisi ziliurudia ukuni kama wageni. Mwaka 1975 Erik Eckholm, wa taasisi ya Worldwatch huko Marekani, alichapisha waraka ulioita upungufu wa kuni janga la pili la nishati, wakati dunia ingali inauguza bei ya mafuta ya petroli. Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wa nishati mbadala Nairobi, na FAO ikawa na ramani ya maeneo yenye upungufu. Namna ya kukokotoa ilikuwa nyepesi mno: chukua kuni zinazotumiwa na mtu mmoja, zidisha kwa ongezeko la watu, toa mbao zinazoota kwa mwaka, soma tarehe ambayo miti itakwisha. Hesabu hiyo ilichukulia kwamba watu wataendelea kuchoma kiasi kile kile na hawatapanda kitu, hadi siku watakapokata mti wa mwisho. Tarehe hizo zimepita. Watu walipunguza, walibadilisha, walipanda. Gerald Leach na Robin Mearns walipoipitia fikra hiyo katika kitabu chao cha mwaka 1988, walionyesha kwamba kuni nyingi za vijijini hazitoki kwenye misitu inayofyekwa, bali kwenye matawi, nyua, miti ya shambani na masalio ya mavuno.

Turudi Kakamega sasa, kwa kuwa huko ndiko swali sahihi lilikoulizwa. Mradi wa kuni uliofanyika wilayani humo miaka ya 1980, ambao utafiti wake wa mila uliongozwa na Noel Chavangi, uligundua kwamba miti ilikuwa ya wanaume na chungu kilikuwa cha wanawake. Kupanda mti kulikuwa namna ya kudai ardhi, hivyo mke hakupaswa kupanda. Ilisemwa kwamba akipanda atakuwa tasa, au mumewe atakufa. Mikaratusi ya mume ilikuwa akiba ya ada na ya nguzo za nyumba, na ilikatwa siku ya haja yake. Mke alibaki na matawi, vichaka na soko. Mradi ungeweza kuhubiri dhidi ya mila, na ungeshindwa. Badala yake ulileta kaliandra na lusina, ukatumia pia sesbania, vichaka ambavyo machoni pa wenyeji havikuwa miti ya kudai ardhi. Mwanamke aliweza kuvipanda bila kugombana na mtu, akavikata kwa panga tu, vikachipua tena, na vijiti vyake vilikuwa vyembamba vya kukauka haraka bila kuchanjwa. Kichaka kilichokidhi haja hakikushinda kwa wingi wa mbao. Mkaratusi mmoja ungekizidi. Kilishinda kwa kuwa karibu sana na ukuni uliokwisha kutengenezwa.

Hapa pana pingamizi zito, nalo ni la misitu. Je, kusema hivi si kufumba macho wakati misitu ya miombo na ya pwani inatoweka? Inatoweka, lakini tutaje kinachoila. Upanuzi wa mashamba ndio wa kwanza, na mkaa ni jambo tofauti na kuni. Mchoma mkaa anayelisha Dar es Salaam hukata magogo mazima ya miti migumu, huyafukia kwenye tanuri la udongo na kupoteza sehemu kubwa ya joto humo humo, kisha husafirisha kilicho chepesi. Anayesenya hutafuta kilichokauka, na kilichokauka mara nyingi kimekwisha kuanguka chenyewe. Kuwatia wote wawili kwenye safu moja ya jedwali kulimfanya mwanamke mwenye tita abebeshwe, juu ya mzigo wake, lawama ya lori la mkaa.

Pingamizi la pili linanihusu mimi zaidi: kwamba nawapamba wapishi wa kale. Ujuzi haukuondoa moshi, na moshi wa jikoni huharibu mapafu ya akina mama na watoto hata kuni zikiwa kavu. Masika yakiingia kila mtu huchoma alichonacho, kibichi au kikavu. Nakubali yote mawili. Lakini angalia uchaga uliokuwa juu ya mafiga, ambapo kuni za kesho zililazwa zikaushwe na moto wa leo. Moshi ule ule uliowasha macho ulikuwa mtambo wa kukaushia, tena ulifukuza wadudu kwenye mbegu na makuti. Majiko sanifu yalipokuja, kama la Upesi lenye kiini cha udongo wa kufinyanga, yalipunguza kuni na moshi, na hilo ni jema. Pamoja na hayo mdomo wake ni mdogo: unataka vijiti vilivyochanjwa vyembamba na kukauka vizuri, wakati jiko lenyewe halitoi tena joto na moshi wa kutosha kuukausha uchaga. Kazi iliyokuwa ikifanywa na moshi imemrudia mtu. Katika maelezo mengi ya majiko hayo utakuta asilimia ya kuni zinazookolewa. Saa za kuchanja, na mwenye kushika shoka, hazimo.