Ziwa Lililokuwa Katika Ramani Tu

Leo tunaanza somo la jiografia. Jina hilo ni la kigeni, lakini mambo yake mmeyajua tangu utoto. Mtu akikuuliza, "Kwenu ni wapi?" nawe ukamjibu kwamba ni ng'ambo ya mto, upande wa machweo, mwendo wa saa mbili kwa miguu, hapo umekwisha mfundisha jiografia. Umemtajia alama, na upande, na umbali. Kazi yetu ni kuyashika mambo hayo kwa uangalifu zaidi. Ili mwone faida ya uangalifu huo, nitawasimulia habari ya kosa moja kubwa.

Mwaka 1854 mmisionari mmoja Mjerumani, Bwana Jakob Erhardt, alikaa Tanga miezi kadha. Mwenzake, Bwana Johannes Rebmann, alikuwa Rabai karibu na Mombasa. Wawili hawa hawakupata kuyaona maziwa makuu ya bara. Lakini walikuwa na masikio, na siku zile pwani ilijaa watu wa misafara, matajiri na wapagazi, waliokwenda bara kutafuta pembe za ndovu. Basi wakawauliza.

Waliokwenda kwa njia za kaskazini walisema, "Tunatembea siku nyingi, mwisho tunakuta maji makubwa, ng'ambo yake haionekani." Waliopita Bagamoyo wakasema hivyo hivyo juu ya Ujiji. Waliotoka Kilwa nao wakasema hivyo hivyo. Tazameni sasa: kila mmoja alisema kweli. Lakini Bwana Erhardt alipoketi na karatasi yake aliyaunganisha maji yote matatu. Akachora ziwa moja la ajabu, tangu karibu na Ikweta mpaka kusini, sehemu ambayo leo ni nchi ya Malawi. Umbo lake lilikuwa kama la konokono aliyetoka katika nyumba yake. Ramani hiyo ilipofika London, mwaka 1856 wataalamu wakaijadili sana, na wengine wakaicheka.

Je, kosa lilitoka wapi? Kwanza, katika umbali. Watu wa misafara walihesabu siku, si maili. Siku ya mtu mwenye pembe begani wakati wa masika si sawa na siku ya mtu mtupu wakati wa kiangazi. Pili, katika upande. Njia ya msafara hupinda kufuata visima na vyakula, na msafiri hukumbuka vituo kuliko kupinda kwa njia. Na jambo la tatu lilikuwa katika maneno. Nyanza, nyanja, nyasa: yote ni neno moja katika lugha za ndugu, na maana yake ni maji makubwa. Ukiuliza watu watatu jina la maji, na wote wakakujibu "maji makubwa", ni rahisi kudhani kwamba wanasema habari za mahali pamoja.

Kwa sababu ya ramani hiyo chama cha wanajiografia cha London kiliwatuma Bwana Richard Burton na Bwana John Speke. Waliondoka pwani mwezi Juni 1857. Mkalimani wao alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni akapelekwa Bara Hindi. Yeye na Speke walizungumza Kihindustani. Walipofika Kazeh, yaani Tabora, mfanyabiashara Mwarabu aitwaye Snay bin Amir aliwaambia wazi kwamba maziwa ni matatu, mbalimbali. Mimi hupenda kulisimulia jambo hili, maana vitabu vingi husema kwamba maziwa "yaligunduliwa". Tabora walikuwa wakiyajua, ila hawakuwa wameyachora.

Februari 1858 wakafika ziwa Tanganyika. Burton hawezi kutembea kwa homa, na Speke macho yake yamefunikwa na ugonjwa hata hakuliona vizuri. Mwezi Agosti Speke, bila Burton, akafika karibu na Mwanza, akaliona ziwa lile ambalo aliliita Victoria.

Sasa, mtu aliyesimama ufukoni atajuaje kwamba maji haya siyo yale? Hapa ndipo tunapoingia katika somo lenyewe.

Dunia imechorewa mistari ya kufikirika. Ile inayokwenda mashariki na magharibi huitwa latitudo, na wa katikati ni Ikweta. Mtu akipima kimo cha jua adhuhuri, au cha nyota usiku, hujua yuko digrii ngapi kutoka Ikweta. Mwanza iko kusini kwa digrii 2 na nusu hivi. Ujiji iko karibu digrii 5. Lakini Tanga nayo iko karibu digrii 5, na kutoka Tanga hadi Ujiji ni zaidi ya kilometa 1,000! Kwa hiyo mstari mmoja hautoshi. Tunahitaji na ile inayotoka kaskazini kwenda kusini, yaani longitudo. Hiyo mnaweza kuielewa kwa jua: linapochwa Tanga, watu wa Ujiji bado wana dakika 37 hivi za mchana.

Liko na jambo la kimo. Pwani maji huchemka yakifika digrii 100 za joto. Ukipanda juu, huchemka mapema zaidi. Mwanza ni karibu digrii 96. Kina mama wa nyanda za juu wanajua kwamba maharage huko hayaivi upesi, na sababu ni hiyo. Speke alichemsha maji, akatia kipimajoto. Vipimo vyake havikuwa sahihi kabisa, lakini vilitosha kuonyesha kwamba ziwa la Mwanza liko juu sana kupita lile la Ujiji. Leo tunajua: Victoria iko mita 1,134 juu ya bahari, Tanganyika 773, na Nyasa chini ya 500. Maji ya ziwa moja hayakai kama ngazi.

Msidhani kwamba kosa la ramani ni la kuchekwa tu. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi hizi mezani. Magharibi ya ziwa Victoria walifuata latitudo ya digrii 1 kusini. Lakini waliandika kwamba mlima Mfumbiro, ambao wasafiri walikuwa wameuona kwa mbali, hautakuwa upande wa Wajerumani, hata ukionekana kusini ya mstari ule. Walipokwenda kuutafuta hawakukuta mlima mmoja, bali safu ya milima ya moto, na haikuwa mahali ilipochorwa. Mabishano, ambayo Wabelgiji nao waliingia, yaliendelea mpaka mapatano ya 1910. Watu wa Kisoro, wenye lugha moja na jirani zao wa Rwanda, wakajikuta upande wa Uganda. Hakuna aliyewauliza.

Sasa kazi ya darasa. Mwalimu achague watu watatu waliokuja leo kwa njia tatu tofauti. Kila mmoja achore peke yake, bila kutazama ya mwenzake, njia ya kutoka kwake hadi hapa, na mto au kisima alichopita. Kisha wekeni karatasi tatu pamoja, mjaribu kuamua kama visima ni vitatu au ni kimoja. Ulizaneni: upande gani, hatua ngapi, mlipanda au mliteremka? Karatasi hizo mzitunze. Juma lijalo tutazitumia tukisoma habari za kipimo cha ramani. Kwaherini.