Kidonge Kilichoanzia Kwenye Moyo: Historia ya Dawa za Nguvu za Kiume

Mada ya leo huzungumzwa kwa kunong'ona: dawa za nguvu za kiume. Mtauliza, yatuhusu nini sisi? Yatuhusu, kwa sababu mzee akianguka usiku, mama ndiye anayemwinua.

Tangu zamani hapa pwani, mwanamume aliyeona nguvu zimepungua alitafuta mizizi kwa mganga au alikunywa supu ya pweza. Hospitalini hakufika, kwa haya.

Mapema miaka ya 1990, wanasayansi wa kampuni ya Pfizer katika mji wa Sandwich, Uingereza, walikuwa wakijaribu dawa iitwayo sildenafili kwa maumivu ya kifua yanayotokana na moyo. Kwa moyo haikufaulu sana. Lakini wanaume waliojaribiwa walieleza kwamba nguvu zao zimerudi. Tarehe 27 Machi 1998, Marekani iliidhinisha kidonge hicho kwa jina la Viagra. Mwaka 2003 zikaidhinishwa huko tadalafili na vardenafili, dawa za ukoo huo huo.

Akina mama, shikeni jambo hili: kidonge hiki kilianzia kwenye moyo, na mpaka leo hupanua mishipa ya damu. Mgonjwa anayetumia dawa za naitreti kwa maumivu ya kifua akikimeza, presha yake yaweza kushuka ghafla hata akafa. Tena, kupungua kwa nguvu mara nyingi ni dalili ya kisukari, presha au ugonjwa wa moyo uliojificha. Anayenunua kidonge kwa siri huficha dalili, na ugonjwa huendelea kumla.

Kidonge kilipovuma, matapeli nao waliamka. Dawa ya bei kubwa inayonunuliwa kwa aibu ni rahisi kuigiza, maana aliyetapeliwa hatalalamika. Marekani wamekamata mara nyingi dawa zinazoitwa za mitishamba zilizochanganywa sildenafili kisirisiri. Mwaka 2010, katika Operesheni Mamba ya tatu, polisi wa kimataifa wa Interpol na serikali za Afrika Mashariki, Kenya ikiwemo, walikamata takriban tani 10 za dawa bandia na zisizo halali.

Wakati huo biashara ilikuwa imepata njia mpya. M-Pesa ilianza mwaka 2007. Mwaka 2009 nyaya za intaneti zilifika Mombasa kupitia baharini. Leo mtu aliye Wenje huona tangazo kwenye simu, hutuma pesa, na mzigo huletwa na matatu au bodaboda. Muuzaji hamjui, wala hakuulizwa kama ana presha. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, dawa 1 kati ya 10 ni bandia au hafifu.

Sheria tunayo. Sheria ya Dawa na Sumu, Sura ya 244, ni ya tangu mwaka 1957, na Bodi ya Dawa na Sumu ndiyo inayosajili maduka ya dawa na wafamasia. Basi tufanye hivi:

1. Mzee aanze zahanati au hospitali, apimwe presha na sukari, na ataje dawa zote anazotumia.

2. Dawa inunuliwe kwa cheti cha daktari, katika duka lenye leseni ya Bodi. Hata duka linalouza kwa simu liwe na jina, mahali panapojulikana na mfamasia anayeuliza maswali. Lisiloomba cheti, tuliepuke.

3. Tukague pakiti: jina la dawa, namba ya toleo, tarehe ya kuisha. Vidonge vilivyofungwa kwa karatasi tusivipokee.

4. Akipata maumivu ya kifua, akizirai, au uume ukisimama zaidi ya saa 4, akimbizwe hospitali, na daktari aambiwe amemeza nini.

5. Dawa zote ziwekwe mbali na watoto.

Mkivikuta vidonge chini ya godoro, msimwaibishe mzee. Aibu ndiyo iliyomtuma kwa tapeli. Mwambieni kwa upole, "Baba watoto, twende tukapimwe sote." Ni mimi muuguzi wenu wa jamii.