Týn: Neno la Kikelti Lililowafikia Waslavi kwa Mlango wa Pili

Kanisa linalotawala uwanja wa Mji Mkongwe wa Praha, lenye minara miwili ya mita 80 hivi, Wacheki huliita Kanisa la Mama wa Mungu mbele ya Týn. Týn si mtakatifu wala si mto. Ni ua uliopo nyuma ya kanisa, ambamo wafanyabiashara wa kigeni wa Zama za Kati walilala, wakahifadhi mizigo na kulipa ushuru. Neno lenyewe ni konsonanti mbili na irabu moja, lakini limepita katika familia tatu za lugha. Maelezo mepesi huiruka mojawapo, na hapo ndipo yanapokosea.

Wepesi huo una chanzo chake. Wakelti wa kale waliita ngome dūnon, na Warumi wakalihifadhi neno hilo katika majina ya miji: Lugdunum ndiyo Lyon ya leo, Virodunum ni Verdun, Camulodunum ni Colchester. Noviodunum, yaani ngome mpya, ilikuwapo mahali ambapo leo ni Nyon, Uswisi, na nyingine ikawapo mbali kabisa, kwenye Danubi ya chini, Rumania. Kiwelshi kina din, na kutokana nalo dinas, mji. Kiayalandi kina dún, ngome, na nomino hiyo ikazaa kitenzi: mtu akisema dún an doras anaagiza mlango ufungwe. Ngome ilikuwa, kwanza kabisa, mahali palipofungwa.

Sasa tuwatazame Waslavi. Tyn ya Kirusi ni uzio wa magogo yaliyosimamishwa wima. Ile ya Kiukraini ni uzio wa fito zilizosukwa, na juu ya vigingi vyake vyungu vilivyooshwa hufunikwa vikauke. Kusini mwa Poland, karibu na Kraków, monasteri ya Wabenedikto ya karne ya 11 imesimama juu ya mwamba kando ya mto Vistula, mahali paitwapo Tyniec. Sauti zinakaribiana na maana zinakaribiana. Tena Wakelti wa kabila la Boii waliishi Bohemia, nchi inayobeba jina lao hadi leo. Kwa nini basi isisemwe kwamba Waslavi walilichukua neno hili mikononi mwa Wakelti?

Jibu limo katika konsonanti ya kwanza. Waslavi hawakuwa na shida yoyote na d: wanasema dom kwa nyumba na dva kwa mbili. Dūnon ingewafikia moja kwa moja, leo tungesikia dyn, si tyn. Hiyo t ina mwenyewe, naye ni Mgermaniki. Jacob Grimm alieleza mwaka 1822 jinsi d ya zamani ilivyogeuka t katika lugha za Kigermaniki: penye duo na decem za Kilatini, Kiingereza kina two na ten. Wagermaniki walilikopa neno la Kikelti kabla ya badiliko hilo, nalo likabadilika pamoja na maneno yao wenyewe, likawa tūn. Halikuwa peke yake. Rīg, neno la Kikelti la mfalme, lilipita njia hiyohiyo, g yake ikawa k, na kizazi chake ni Reich ya Kijerumani. Baadaye Waslavi wakakopa tūn kwa majirani zao, na ū ndefu ikawa y kwa kanuni ya lugha yao, kama vile hūs, nyumba ya Wagermaniki, ilivyoacha mizizi katika hizhina ya Kirusi, kibanda. Hata mkate wa Waslavi, hleb, una asili ya Kigermaniki.

Historia ya makazi inaafiki. Boii walikwisha kuipoteza Bohemia karne ya 1 KK, wakafuata Wamarkomani, ambao ni Wagermaniki. Waslavi walifika karne ya 6 BK.

Maana nayo inatoa ushahidi, na pengine ndio unaovutia zaidi. Mikononi mwa Wagermaniki ngome ilishuka hadhi ikawa kizuizi tu, kisha kile kilichozungukwa. Zaun ya Kijerumani ni uzio, tuin ya Kiholanzi ni bustani, town ya Kiingereza ni mji. Boma letu lilitembea vivyo hivyo, kutoka zizi la ng'ombe hadi ofisi ya mkuu wa wilaya. Waslavi walipokea uzio, si ngome. Walipohitaji jina la mahali penye ngome walikuwa na lao, grad, ndugu wa ograda, uzio. Belgrade ilianza kama Singidunum ya Wakelti katika karne ya 3 KK. Barua ya Papa Yohane VIII ya mwaka 878 inautaja mji huo kwa jina la Kislavi. Dunum haikusalia.

Kwa hiyo anayechora ramani ya Wakelti wa Bohemia asiweke alama kila anapokuta Týn. Kusini mwa Praha ipo ngome yao halisi, juu ya kilima, miongoni mwa kubwa kuliko zote nchini humo. Jina lake la leo ni Závist, neno la Kicheki lenye maana ya husuda.