Namba 27, 29, 88 na 92: Kambove ndani ya tablo ya Mendeleev

Ndugu zangu, leo siongei politiki. Naongea juu ya ile tablo ya elementi ambayo sisi wote tuliimeza kichwani ku masomo: idrojeni namba 1, heliamu namba 2, tunaendelea mpaka kuchoka. Tulifundishwa Mendeleev wa Urusi, mwaka 1869, na Marie Curie wa Paris. Lakini visanduku vinne vya tablo hiyo viko na historia yao hapa hapa kwetu, katika teritwari ya Kambove. Mimi ni mtu wa historia, si wa shimi, kwa hiyo wenzangu wa shimi wanivumilie kidogo.

Namba 29 ni shaba, mukuba wa wazee. Mbele wazungu hawajafika, Basanga na Bayeke walikuwa wanayeyusha jiwe la kijani kwa makaa ya miti, wanamimina shaba katika umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilikuwa feza, ilikuwa mahari, ilikuwa mali ya kupeleka mbali. Mitatu iliwekwa kwenye bendera ya Katanga mwaka 1960. Sasa, kishimi, wahunzi hao walifanya nini? Jiwe la kijani ni shaba iliyoshikana na oksijeni, kaboni na idrojeni. Moto na makaa vinaachanisha, shaba inabaki peke yake. Haikuumbwa pale. Atomu yake iliingia tanuru ikiwa na protoni 29, ikatoka na 29. Moto hauwezi kugeuza elementi moja kuwa ingine, hata ukipuliza mivuba mwaka mzima.

Mwaka 1913 reli ilifika Kambove kutoka Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kuchukua shaba ya Union Minière. Mwaka ule ule, huko Manchester, kijana mmoja anaitwa Henry Moseley alikuwa anapiga metali kwa elektroni na kupima mionzi ya X inayotoka. Mpaka wakati ule, watu walipanga elementi kwa uzito, na namba ilikuwa kama namba ya kiti tu. Yeye akaonyesha kama namba ni kitu cha kweli: ni chaji ya kiini cha atomu. Kati ya metali alizopima ziko kobalti na shaba. Kobalti ni nzito kidogo kuliko nikeli, kwa hiyo kwa uzito ingekaa nyuma yake. Vipimo vya Moseley vikaiweka mbele: kobalti 27, nikeli 28. Sisemi kobalti yake ilitoka kwetu. Nasema tu kama namba ambayo leo bei yake inafuatwa kila asubuhi ku Kolwezi na Likasi ilipata maana yake mwaka ule wa reli.

Mwaka 1915 Moseley alikufa vitani Gallipoli. Mwaka huo huo, Robert Rich Sharp, mtafuta madini wa Union Minière, aliona uraniamu ku Shinkolobwe.

Hapa tusimame. Uraniamu iko namba 92, na atomu yake haitulii. Inavunjika yenyewe, polepole sana: nusu yake inaisha kwa miaka bilioni 4.5. Njiani inapitia radiamu, namba 88, na mwisho inakuwa risasi, namba 82, iliyotulia. Yaani kazi ambayo moto wa wahunzi haukuiweza, na ambayo wataalamu wa Ulaya ya zamani waliitafuta kwa karne nyingi, jiwe la Shinkolobwe lilikuwa linaifanya peke yake chini ya udongo.

Kwanza walitaka radiamu, dawa ya kansa na rangi ya kuangaza saa usiku. Kuanzia 1922 ilitolewa Olen, Ubelgiji. Kupata gramu moja kulihitaji karibu tani tatu za uraniamu, na uraniamu yenyewe ilikuwa na wanunuzi wachache. Kisha, mwisho wa 1938, Hahn na Strassmann huko Berlin wakavunja kiini cha uraniamu kwa nyutroni, na hesabu ikageuka. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, alipeleka karibu tani 1,200 za mawe New York. Mwaka 1942 jeshi la Marekani likanunua. Mawe yale yalikuwa na oksidi ya uraniamu mpaka asilimia 65, wakati kwingine hata chini ya asilimia 1 ilitafutwa. Tarehe 6 Agosti 1945, Hiroshima.

Angalieni majina sasa. Mawe ya uraniamu ya Katanga yaliitwa kuriti, bekereliti, sklodowskiti, sodiiti, yote kwa heshima ya wataalamu wa Ulaya. Hata Sengier alipewa lake, sengieriti. Kilima cha Kasolo kilipata kasoliti. Mchimbaji aliyebeba jiwe kwa mikono hakupata kitu. Na katika elementi 118, hakuna hata moja yenye jina la mahali pa Afrika. Kwetu mambo yalienda kinyume: kuanzia 1971 mpaka 1997 jimbo lote liliitwa Shaba.

Wabelgiji walifunga mashimo ya Shinkolobwe kwa betoni wakati wa uhuru. Baadaye wachimbaji wa mkono waliingia tena, si juu ya uraniamu, ni juu ya kobalti, kwa sababu pale 27 na 92 zinalala pamoja. Januari 2004 serikali ilikataza kuchimba. Julai ya mwaka ule shimo liliporomoka, likaua watu wasiopungua wanane.

Jiwe la kobalti ni jeusi. Kwa macho hauwezi kujua kama ndani mna uraniamu. Inahitaji mashine ya kupima mionzi. Mnunuzi anapima kobalti, kwa sababu ndiyo anayolipa. Mwenye kubeba mfuko mgongoni hapimiwi kitu.